Kutembea na Mvua hadi Dunga

Kitu cha kwanza nilichofundishwa kazini kilikuwa kuacha chai mezani. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, na cheti changu cha uhandisi bado kilikuwa ndani ya bahasha kwa sababu niliogopa kikitolewa kitashika vumbi. Ofisi yetu ilikuwa ya watu wachache, juu ya duka la vitambaa mjini Kisumu, na kazi yetu ilikuwa kuchora mitaro ya maji ya mvua kwa watu waliotaka kujenga. Alasiri ya siku hiyo chai ya maziwa ilikuwa imeletwa, nami nilikuwa nawaza kama ni adabu mgeni kuchukua mandazi kabla ya wakubwa. Ngurumo ikasikika upande wa milima ya Nandi. Mzee Rabala, mhandisi mkuu wetu, akaweka chini kikombe kilichojaa, akachukua kofia na fimbo yake ya mti, akaniuliza nilikuwa nangoja nini.

Nikamwambia nilikuwa nangoja mvua ipite.

"Ikishapita utajifunza nini, nyathina?" akasema. Nyathina kwa Kijaluo ni mwanangu. "Inuka."

Tukatoka. Mji mzima ulikuwa ukikimbilia ndani. Wauza mitumba walikuwa wakifunika nguo kwa karatasi za nailoni, akina mama wa mboga wamejibanza barazani, na sisi wawili tukienda kinyume chao, kuelekea Kaloleni, ule mtaa wa zamani wa nyumba za manispaa. Tukasimama kando ya nyumba moja tukangoja tone la kwanza lianguke kutoka kwenye bati. Lilipoanguka, Mzee akalielekezea fimbo kana kwamba ananitambulisha kwa bosi. Tukalifuata. Kutoka paani hadi uani, uani hadi kijiani, kijiani hadi mtaroni, na kila mara maji yale yalipojiunga na mengine Mzee aliniuliza swali moja: "Haya yanaenda kwa nani?"

Nilijibu kwamba yanaenda ziwani. Akasema hakuuliza yanaenda wapi.

Ofisini tuliita kazi hiyo kutembea na mvua. Hakuna mchoro uliotoka kwetu kabla aliyeuchora hajatembea na mvua kwenye ardhi ile, kutoka juu kabisa hadi mahali maji yanapomfikia mtu wa mwisho. Radi zikikaribia mno tulijificha kwenye baraza ya mtu hadi zipungue, na hapo ndipo taabu ilipoanza, maana pande zetu wako wanaoamini kwamba kuna watu wenye uwezo wa kutuma radi kwa adui zao. Sasa fikirieni mzee mrefu mwenye fimbo na msichana mwenye miwani iliyojaa ukungu wakibisha hodi katikati ya ngurumo. Mama mmoja wa Kaloleni alitufungulia, akatutazama kutoka kofia hadi viatu, akamwambia mumewe aliyekuwa ndani, "Baba, toka nje. Hawa wanatafuta nyumba." Mzee Rabala akamwamkia kwa heshima zote na kumwomba maji ya kunywa. Nikamnong'oneza kwamba kuomba maji wakati wa mvua kunatufanya tuonekane wabaya zaidi. Akacheka mpaka akakohoa.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, afadhali mjue mapema. Naitwa Akoth, jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na wenzangu walipenda kusema kwamba mvua ile ndiyo iliyonitisha na sijapona hadi leo. Nikichora kalvati, lile bomba la maji chini ya barabara, nililala nikiwaza mbwa akiingia na kukwama. Nikipita juu ya daraja niliinama kutazama nguzo zake, hata kama daraja ni la wengine na limejengwa kabla sijazaliwa. Nimestaafu sasa, na bado mvua ikianza huwa nafungua dirisha kusikiliza inaangukia nini. Wasiwasi haukuniacha, ila kazini ulipata mwenzake. Sina jina zuri la huyo mwenzake. Ni ile hali ya kusimama mbele ya kitu kikubwa mdomo ukiwa wazi.

Nyinyi mnaoanza kazi leo mna sheria ya mazingira mkononi. Anayetaka kujenga nyumba nyingi analazimika kuandikiwa ripoti ya athari, majirani waulizwe, na mtu aonyeshe maji yake yatakwenda wapi. Nasikia mnalalamika kwamba ripoti ni ndefu. Mimi nikiishika moja huwa naipima uzito mkononi nikishangaa. Miaka ya themanini, nilipoanza, kanuni tulizozikuta zilijua jambo moja: maji ya mvua ni adui, yaondolewe haraka. Unachimba mtaro ulionyooka, unaupiga zege, unauelekeza chini, unaenda nyumbani. Mteremko wote wa mji ulinywesha ziwa kwa njia hiyo, pamoja na mafuta ya gereji, takataka za soko na udongo wa mashamba. Baadaye gugumaji likaja na kutanda ziwani hadi mashua zikashindwa kutoka, watu wakauliza limelishwa na nani. Sisi wa mitaro tulitazama viatu vyetu.

Kuna jambo la udongo ambalo lazima niwaambie kabla ya kufika Dunga, kwa sababu bila hilo hakuna hadithi.

Nilizaliwa karibu na Pap Onditi, kule Nyakach, kwenye ule uwanda wa udongo mweusi. Wa kwetu wanaujua. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mguu wa ndama unaweza kutumbukia, na masika unavimba, unakuwa kama unga uliokandwa. Utoto wangu wote niliruka nyufa zile nikienda shule. Kisha nikasoma, nikaajiriwa, na mwezi wa Februari mmoja nikatumwa Pap Onditi hiyo hiyo kupima ardhi ya soko jipya, kuona kama maji ya mapaa yanaweza kuachwa yazame chini badala ya kupelekwa mbali. Tulichimba shimo, tukamimina maji, tukatoa saa. Maji yakatoweka. Tukamimina pipa jingine, likatoweka nalo. Vijana wa kupima walikuwa wanashangilia. Nilirudi ofisini nikitangaza kwamba nimepata udongo unaokunywa kuliko mchanga, na ofisi nzima, watu wenye miaka ya kazi, ikanipigia makofi.

Mzee Rabala peke yake hakupiga makofi. Aliniuliza tu kama maji yale nimeyaona yakizama au nimeyaona yakipotea. Sikuelewa tofauti. Akasema turudi mvua zikianza.

Tukarudi Aprili. Tukachimba shimo hatua chache kutoka lile la kwanza, tukamimina maji, tukatoa saa. Maji yakakaa. Tukala mahindi ya kuchoma, yakakaa. Mbu wakaja kuyakagua. Mzee mmoja wa pale, aliyekuwa amekaa juu ya baiskeli yake akitutazama tangu asubuhi, akaniita kwa jina la babangu na kuniuliza kama nasomea kuchimba vidimbwi. Februari maji yalikuwa yakikimbilia kwenye nyufa. Aprili udongo ulikuwa umevimba na kuziba kila mlango, na kilichobaki ni sahani. Mimi niliyeruka nyufa zile kwa miguu yangu! Lakini kwenye vitabu vya chuo udongo ulikuwa na tabia moja mwaka mzima, nami nilikuwa nimeviamini vitabu kuliko magoti yangu.

Kwa hiyo kumbukeni: msipime ardhi nyeusi wakati wa kiangazi. Na nilipopewa kazi ya Dunga, miaka ya tisini ikiwa imefika katikati, sikuuomba udongo wa pale uninywee hata kikombe kimoja.

Mwenye kazi alikuwa Bwana Mwangi. Alikuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa kijana, akauza misumari barabarani, na wakati huo alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Alikuwa amenunua ardhi kwenye mteremko unaoshukia Dunga, pale wavuvi wanapoleta ngege na omena, akitaka kujenga mtaa wa nyumba za kuuza. Alikuwa mtu wa haki. Aliwalipa mafundi kila Ijumaa, na mimi aliniita injinia hata mbele ya wateja, wakati wengine walidhani nimekuja kuchukua chai.

Chini ya ardhi yake, nyumba ya kwanza kabisa ilikuwa ya Mama Pelesia, mjane aliyebanika samaki kwa moshi. Baada ya nyumba yake kilianza kinamasi cha mafunjo, ile mimea mirefu yenye vichwa kama nywele zilizosimama ambayo kwetu tunaiita togo na kusukia mikeka. Baada ya mafunjo ni ziwa.

Bwana Mwangi alipofyeka vichaka na kusawazisha mteremko, kabla hata msingi wa kwanza haujachimbwa, mvua moja ilishuka bila kitu cha kuishika. Ilipita katikati ya jiko la Mama Pelesia, ikabeba tanuri zake na samaki waliokuwa juu yake, ikamega kona ya nyumba ya udongo aliyokuwa amejengewa na marehemu mumewe. Nilipokwenda kuona, alinishika mkono akanionyesha ile kona. Alisema nyumba imemwambia kwamba mara ya pili haitasimama. Hakulia. Aliniambia kama mtu anayenipa ujumbe nimfikishie mwingine.

Mchoro wangu ulikuwa huu. Badala ya mtaro mmoja wa zege, mitaro mipana ya nyasi yenye vizuizi vya mawe, ili maji yashuke yakijikwaa. Chini yake bwawa la kuyapokea, kubwa, lenye bomba dogo la kuyatoa taratibu, na sehemu pana ya nyasi upande wa kushoto ambapo yangepitia yakizidi, mbali na nyumba ya Mama. Na mwisho, ukingo mrefu wa mawe uliopimwa usawa kutoka mwanzo hadi mwisho, ili maji yaingie kwenye mafunjo kama shuka linalotandikwa, pasiwe na mahali pa kukata mfereji. Usawa huo tuliupima kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejaa maji, mmoja akishika huku na mwingine kule. Kama hamna kifaa kingine mkononi, tumieni mpira. Maji ndani yake hayapendelei upande.

Mzee Rabala aliutazama mchoro, akauliza swali lake, haya yanaenda kwa nani, nikajibu kwa Mama Pelesia. Akatia sahihi. Mwaka huo akastaafu, akarudi kwao Seme, na kiti chake kikabaki kitupu mbele yangu.

Tukajenga, nyumba za juu zikaezekwa, nyasi zikashika, halafu mvua zikagoma. Msimu mzima bwawa langu lilikaa kavu. Siku moja Bwana Mwangi akaniita dukani.

"Injinia, umenichimbia shimo," akasema, akiendelea kupima waya za mteja. "Mimi nimekaa na hii shimo tangu Januari. Imeshika nini? Imeshika mbuzi."

Nikamweleza kuhusu mvua kubwa. Akaniuliza iko wapi. Akaniambia wanunuzi wakifika wanauliza lile bonde ni la nini, kwamba watoto watatumbukia, kwamba mbu watazaana, na kwamba juu yake zingekaa nyumba nyingine. Alikuwa ameamua kulijaza kifusi na kupitisha mtaro wa zege moja kwa moja hadi ziwani, kama wengine wote. Malori yalikuwa yameanza kumwaga asubuhi hiyo. Aliniita kunijulisha tu, kwa heshima.

"Kuna sheria inasema nisijaze?"

"Hakuna," nikasema. Wakati huo hakukuwa.

"Sasa?"

Nilikuwa na majibu mengi. Niliyawaza yote pale pale, nikayapanga, nikayapangua. Nilifikiria kumtajia mahesabu, lakini mahesabu alikuwa ameyaona. Nilifikiria kumtajia Mama Pelesia, lakini alikuwa ameahidi kumjengea ukuta wa mawe, na aliamini kwa moyo safi kwamba ukuta unatosha. Kilichotoka mdomoni sikuwa nimekipanga.

"Bwana Mwangi, njoo utembee na mvua."

Mteja wa waya akageuka kunitazama. Bwana Mwangi akatabasamu kidogo na kusema kumbe ni kweli, wale wa kutuma radi ni sisi. Kisha akafikiri. Akasema malori hayatasimama, ana ahadi na wenyewe. Lakini mvua ikinyesha kabla hawajamaliza, atakuja.

Hizo ndizo siku ndefu kuliko zote za kazi yangu. Kila alasiri nilitazama upande wa Nandi. Mawingu yalipanda, yakasimama, yakatawanyika. Kila jioni nilipita Dunga na kuona kifusi kimesonga zaidi ndani ya bwawa, kikianzia upande wa kushoto, kwenye ile sehemu pana ya nyasi. Nilitaka mvua inyeshe ili aone. Halafu nilitaka isinyeshe, kwa maana bwawa lililojazwa nusu si bwawa nililolichora, na chini yake yuko mtu. Nilimwendea Mama Pelesia nikamwomba alale kwa dada yake hadi jambo hili liishe. Akaniuliza nani atalinda samaki.

Kisha ngurumo ikasikika. Chai ilikuwa mezani. Sizikumbuki ngazi za ofisi, nakumbuka niko dukani kwa Bwana Mwangi, napumua kwa shida, na yeye anatazama viatu vyake vipya. Alishusha gambuti kutoka kwenye rafu ya kuuza, akazivaa zikiwa bado zimefungwa pamoja kwa kamba, akakaribia kuanguka, karani wake akaikata kamba kwa kisu. Tukapanda pikapu yake.

Nilimpeleka juu kabisa, kwenye nyumba ya kwanza ya mtaa wake, nikamwonyesha tone likiacha bati. Alinitazama kwa huruma, lakini alilifuata. Mvua ya Kisumu haianzi kwa mzaha. Kabla hatujafika nyumba ya pili hatukuhitaji kutafuta tone tena. Mitaro ya nyasi ilikuwa imejaa maji ya rangi ya chai, yakipanda juu ya mawe, yakituama, yakipanda tena. Bwana Mwangi aliinama kwenye kizuizi cha kwanza, akaweka mkono. Juu ya jiwe maji yalimvuta. Chini ya jiwe yalimshika tu. Akarudia. Akashuka hadi kizuizi kinachofuata akafanya vilevile, mwavuli umepinduka na hana habari nao.

Tukafika bwawani. Lilikuwa linajaa kama kitu kinachovuta pumzi. Mteremko mzima, mapaa yote, nyua zote, barabara yote, vilikuwa vinakuja mahali pamoja, na uso wa maji ulipanda polepole, mpana, mzito, bila kelele, huku vijiti na viatu vya watoto vikizunguka juu yake. Nilikuwa nimeandika ukubwa wa maji yale kwa kalamu. Nilipoyaona nilisikia aibu ya kuwa nimewahi kuyaandika kwa herufi ndogo vile.

Halafu nikaona alichokiona yeye wakati huohuo. Kifusi kilikuwa kimeziba njia ya kushoto. Maji yakizidi yangetafuta sehemu ya chini kuliko zote, nayo sasa ilikuwa kona ya kulia. Chini ya kona ile, kupitia mvua, tuliona paa la Mama Pelesia na moshi wa tanuri zake.

"Hii maji," akasema Bwana Mwangi taratibu, "inaenda kwa nani?"

Sikumfundisha swali hilo. Naapa sikumfundisha. Hakungoja jibu. Alikimbilia lori lililokuwa limeegeshwa, akapiga mlango kwa ngumi, akawatoa vijana wa kupakia waliojikinga ndani, na wote wakaingia kwenye kifusi na sepetu. Mmoja akamwuliza si jana walilipwa kukimwaga. Akamjibu leo wanalipwa kukitoa, achimbe. Yeye mwenyewe alichimba. Mimi nilichimba kwa ubao. Udongo ulikuwa mzito wa maji, ulirudi kila tuliporusha, na kule kona ya kulia ulimi mwembamba wa maji ulikuwa umeshapita juu ya ukingo na kuanza kushuka.

Njia ilifunguka kwa upana wa mlango tu. Ilitosha kuanzia. Maji yenyewe yakaishika, yakala kifusi kilichobaki, yakatawanyika kwenye nyasi za kushoto yakimeta, na ule ulimi wa kulia ukakonda hadi ukakatika. Tulisimama tukishikilia sepetu. Hakuna aliyeshangilia. Bwana Mwangi alikuwa amepoteza gambuti moja ndani ya tope, na haikuwahi kupatikana.

Mvua ilipolegea tukashuka kwa Mama Pelesia. Alikuwa amesimama kwenye ile kona iliyomegwa, kiganja chake ukutani kama mtu anayemshika mgonjwa. Mbele ya mlango wake palikuwa na tope la upana wa mkeka. Nyumba ilisimama.

"Baba," akamwambia Bwana Mwangi, akitazama mguu wake ulio na soksi, "leo umekuja kwa miguu."

"Nimekuja, Mama."

"Ingekuwa vizuri uje na viatu viwili."

Akatupa samaki, tukala tumesimama. Kisha Bwana Mwangi akaniuliza kama hapo ndipo mwisho. Nikamwambia bado. Mama Pelesia akatangulia, kwa sababu yeye ndiye aliyejua mbao alizokuwa ametandika juu ya mafunjo kwenda kuchota maji ziwani, na akatuonya tukisikia kiboko akipumua tusimame.

Sijui niwaelezeje mafunjo kwa ndani. Nje kulikuwa na maji mekundu ya udongo yakivuka ule ukingo wa mawe kwa upana wake wote, membamba kama kioo, yakiingia kati ya mashina. Ndani kulikuwa kimya. Mimea ilitupita vichwa, matone yakidondoka kutoka kwenye nywele zake, na chini ya mbao ardhi ilitikisika, maana pale hakuna ardhi. Ni mizizi iliyoshikana inaelea juu ya maji. Tulikuwa tunatembea juu ya kitu kilicho hai na kilichoona mvua nyingi kuliko ofisi zote za mipango. Nilikuwa nimekichora kwenye karatasi kama vistari vya kijani pembeni.

Kadiri tulivyokwenda, maji yaliyoonekana kati ya mbao yalibadilika. Mekundu, kisha ya hudhurungi, kisha kama chai ya rangi. Tulipotokea upande wa ziwa, Mama Pelesia akachutama, akazamisha kibuyu, akakiinua. Tuliona vidole vyake kupitia maji.

Mbali kidogo, kushoto kwetu, mtaro mmoja wa zege kutoka mjini ulikuwa unamwaga. Kutoka mdomo wake ulimi mwekundu ulikuwa umeingia ziwani, ukaenda, ukaenda, ukapita mashua za wavuvi, na bado ulikuwa unaenda.

Bwana Mwangi alitazama ulimi ule, akatazama kibuyu. "Hii yetu inalala humo ndani siku ngapi?"

Nikamwambia sijui.

"Wewe injinia, na hujui?"

"Hakuna anayejua, Bwana Mwangi. Bado hatujapima."

Nilitazamia aseme jambo kuhusu bwawa, kuhusu kifusi. Aliniomba tu tusiondoke kwanza. Tukakaa pale, mguu wake mmoja ndani ya soksi, hadi jua likatoka chini ya mawingu na vichwa vyote vya mafunjo vikawaka.

Kesho yake malori yalibeba kifusi kukirudisha, na zile nyumba za juu ya bwawa hazikujengwa. Miaka michache baadaye, mvua za El Nino zilipoibomoa mitaro mingi ya zege mjini, bwawa lilijaa likamwaga kushoto wiki baada ya wiki, na Mama Pelesia alibanika samaki wake. Muongo ulipokuwa unakwisha ndipo sheria ya mazingira ikapitishwa. Wenzangu waliisoma kwa sauti ofisini. Mimi nilikwenda Seme kumwambia Mzee Rabala. Alisikiliza yote, akaniuliza kama sheria inasema mtu atoke nje mvua ikinyesha. Nikamwambia sijakiona kifungu hicho. Akasema basi nyinyi mtakifanyia kazi, na kwa nyinyi alimaanisha mimi, na mimi nawasukumia.

Mara yangu ya mwisho kwenda kule kikazi ilikuwa alasiri kama zile. Ngurumo ilinikuta katikati ya kikombe. Kwa mara ya kwanza maishani niliwaza kwamba nimechoka, kwamba bwawa halinihitaji, nikamaliza chai yangu. Halafu wasiwasi ukaniinua. Nilipofika mvua ilikuwa imeshashika, na kando ya kizuizi cha kwanza alikuwapo mzee mmoja aliyeinama, gambuti miguuni, zote mbili, fimbo mkononi, akisikiliza maji kwa kiganja. Hakugeuka.

"Umechelewa, injinia," akasema Bwana Mwangi. "Maji ya kwanza imeshapita hapa. Twende, tutaipata kwa Mama."